Mgonjwa Anayeruhusiwa Bila Kupona

Hotuba kwa wakufunzi wa vyuo vya uuguzi na wauguzi wanaosimamia wanafunzi wodini na kliniki

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakufunzi wenzangu, na ninyi wauguzi viongozi mnaowapokea wanafunzi wetu kila muhula na kuwavumilia,

Nimeombwa nizungumzie namna tunavyofundisha uuguzi wa watu wazima wanaoishi na magonjwa sugu. Nina jambo moja tu la kusema, nalo hunijia kila ninaposahihisha karatasi za mitihani na kila ninapopita wodini: tunawafundisha wanafunzi ugonjwa sugu kana kwamba ni dharura zinazofuatana, ilhali mwenye ugonjwa huo huishi nao zaidi katika siku ambazo hayupo mbele yetu. Mtaala wetu unavitaja kisukari, shinikizo la juu la damu, moyo, figo, pumu, kifafa, seli mundu (sikoseli) na VVU, kwa hiyo silalamikii orodha. Ninalolalamikia ni mahali ambapo mwanafunzi hukutana na watu hawa, na muda anaopewa kukaa nao.

Mfuateni mwanafunzi wa stashahada katika miaka yake 3. Akipangiwa wodi ya magonjwa ya ndani, humkuta mgonjwa wa kisukari aliyeletwa akiwa hajitambui, humsaidia muuguzi wa zamu kumwekea dripu, hupima sukari na kuiandika kwenye chati, na baada ya siku chache mgonjwa huamka, hula, na huruhusiwa. Mwanafunzi hujaza daftari lake la mafunzo kwa vitendo, msimamizi hutia saini, na wote wawili huamini kwamba somo la kisukari limekamilika. Mgonjwa yule, hata hivyo, ameruhusiwa bila kupona, na jambo lililomleta, iwe ni insulini iliyoharibiwa na joto, chakula kilichochelewa, au nauli ya kliniki iliyokosekana, linamsubiri nyumbani vilevile alivyoliacha. Mwanafunzi hakuliona, na hakuna mahali katika daftari lake panapomtaka aliulizie.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kabisa na anasafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida hukaa kwenye mashine mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara, yaani saa 12 katika saa 168 za wiki nzima. Saa 156 zinazobaki ni zake peke yake. Ndani ya saa hizo ndipo anapopima maji anayokunywa, anapoamua kuacha ndizi na parachichi kwa hofu ya potasiamu, madini ambayo figo zake haziwezi tena kuyatoa, na anapoulinda mkono uliounganishwa mishipa kwa ajili ya mashine ili mtu asije akampima presha au kumtoa damu upande huo. Na huyu ndiye mgonjwa sugu tunayeonana naye mara nyingi kuliko wote. Mwenye presha tunamwona kwa dakika chache baada ya mwezi, au baada ya miezi 3.

Wanataaluma walikwisha kuligusa jambo hili zamani. Mwaka 1985 Juliet Corbin, ambaye ni muuguzi, na Anselm Strauss, mwanasosholojia, waliandika kwamba anayeishi na ugonjwa sugu nyumbani hufanya kazi za aina 3 kwa wakati mmoja: kazi ya ugonjwa wenyewe, kama vile dawa, kujipima na kliniki, kazi ya maisha ya kila siku, kama vile kupika, kulea na kutafuta riziki, na kazi ya kuyapanga upya maisha yake, kujiuliza yeye ni nani sasa na mipango yake ya zamani imebaki wapi. Sisi hufundisha ile ya kwanza. Mbili zinazobaki tumeziachia ndugu wa mgonjwa, ingawa ndizo mara nyingi huamua kama ile ya kwanza itafanyika au haitafanyika. Vivyo hivyo, nadharia ya kujihudumia ambayo Dorothea Orem aliichapisha mwaka 1971 inafundishwa katika vyuo vyetu vyote. Wanafunzi huikariri kwa ufasaha, huiandika kwenye mtihani, kisha huenda wodini na kumwogesha mgonjwa anayeweza kujiogesha mwenyewe. Nisemeni pale ninapozidisha chumvi.

Sasa niingie kwenye mambo ya kila siku, kwa sababu naamini ufundishaji huharibikia huko, wala si kwenye nadharia. Nianze na dawa. Nchi yetu, Tanzania, ina historia ndefu ya kutibu magonjwa yanayokuja na kuondoka, na mwananchi amejifunza kutokana na historia hiyo. Akiugua malaria hupewa dawa ya mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima, anavimeza kwa siku 3, anasisitizwa amalize dozi, anamaliza, anapona. Mtu huyohuyo anapopewa vidonge vya presha vya siku 30 huvimeza vyote kwa uaminifu, kisha hukaa nyumbani kwa amani, maana amemaliza dozi kama alivyofundishwa na sisi wenyewe. Akirudi baada ya miezi akiwa amepooza upande mmoja, kwenye faili huandikwa kwamba alikaidi matibabu. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba hata katika nchi tajiri wanaofuata sawasawa matibabu ya muda mrefu ni takribani nusu tu ya wagonjwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayekuja na dhana kwamba kuacha dawa ni tabia mbaya ya watu wasiosoma, inafaa aondolewe dhana hiyo mapema, kabla haijawa sauti yake ya kazini. Swali la kumfundisha amuulize mgonjwa ni jepesi: "Dawa hizi zikiisha, utafanya nini?" Jibu atakalopewa litamwonyesha mahali pa kuanzia.

Presha yenyewe, tunaipimaje? Hapa nitakaa kidogo, maana ni ujuzi ambao kila mtu anadhani anao. Mtu anatakiwa kwanza apumzike kwa dakika 5, awe ameketi mgongo ukiwa umeegemea, miguu yote miwili ikigusa sakafu bila kupishanishwa, kibofu kikiwa kitupu, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukilingana na unene wa mkono wake, asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita, na katika muda wote wa kupimwa asiongee wala asiongeleshwe. Mkanda mdogo kwa mkono mnene huongeza kipimo. Mkono unaoning'inia huongeza. Mkojo uliobana huongeza. Mazungumzo nayo huongeza. Mwanafunzi amejifunzia kwa mdoli wa maabara ya ujuzi, na mdoli hana kibofu, hakuja kwa daladala, na hana la kujibu anapoulizwa namba ya bima. Akifika kliniki saa 2 asubuhi na kukuta benchi limejaa, hupima watu wakiwa wamesimama karibu na mlango, mkanda ukiwa ni mmoja kwa wote, huku akiwauliza majina. Mtu akitoka hapo na 148 kwa 94, anaweza kuanzishiwa dawa za maisha yake yote, ingawa kwa asiye na kipimo cha juu sana tunapaswa kurudia siku nyingine kabla ya kusema kwamba amevuka 140 kwa 90 na ana ugonjwa. Kama ningepewa siku moja tu ya kumfundisha mwanafunzi kuhusu magonjwa sugu, ningeitumia yote kwenye benchi la kliniki ya presha, nikimwacha apange viti, atafute meza, na awaombe watu wakae kimya.

Niwaletee mgonjwa wa kufikirika, lakini ambaye kila mmoja wenu anamjua. Ni mama lishe wa miaka 50 hivi, ana kisukari, na anatumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 30 kwa 70, asubuhi na jioni. Kadi yake imeandikwa vizuri: achome nusu saa kabla ya kula. Huamka saa 10 alfajiri, hujichoma sindano kabla ya kutoka kwa sababu hataki kujichoma mbele za wateja, hupitia sokoni, huwasha jiko, huuza supu na chapati, kisha wali wa mchana, na yeye mwenyewe hukaa kula saa 9 alasiri, wateja wakishapungua. Saa 4 asubuhi huanza kutetemeka, kutoka jasho na kujibu watu kwa ukali. Jirani mmoja hudhani ni hasira, mwingine hudhani ni mapepo. Mwanafunzi wetu akimkuta kliniki atamwambia kile tulichomfundisha: "Mama, jitahidi kula kwa wakati." Mama ataitikia kwa adabu, atachukua dawa zake na kwenda zake.

Mwanafunzi aliyefundishwa vyema angemwomba mama huyo amsimulie siku yake tangu alfajiri mpaka usiku, na angesikiliza sindano imekaa wapi na chakula kimekaa wapi. Angempelekea daktari masimulizi hayo ili kwa pamoja waone kama sindano inaweza kusogezwa mpaka pale anapokuwa na sahani yake ya kwanza karibu, au kama aina ya insulini ibadilishwe. Angemfundisha kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 (milimoli kwa lita), atumie gramu 15 za sukari ya kufanya kazi haraka, yaani vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, arudie ikiwa haijapanda, kisha ale chakula. Na kwamba sukari hiyo aifunge kwenye karatasi na kuiweka mfukoni mwa aproni, isiwe kwenye kabati nyumbani. Angetafuta ruhusa yake ya kumweleza yule jirani wa genge la pili dalili ni zipi, na kwamba akimkuta hajitambui asimmiminie kitu mdomoni, amkimbize kituo cha afya. Hayo yote huchukua muda usiozidi nusu saa, na hayahitaji kifaa tusichokuwa nacho.

Halafu kuna suala la mahali pa kuihifadhi insulini hiyo. Vitabu vinasema nyuzijoto 2 mpaka 8, navyo vinasema kweli kwa chupa ambayo haijafunguliwa. Mwanafunzi hunakili, na mgonjwa asiye na friji hunyamaza kwa aibu. Tufundishe yafuatayo kwa ukamilifu: kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, yaweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki 4 ikiwa imekingwa na jua na joto kali, kwamba mtungi wa udongo wenye mchanga uliolowa, chupa ikiwa imefungwa ndani ya mfuko mkavu, hupunguza joto kwa kiasi cha kusaidia, kwamba mwenye friji naye asiiweke karibu na sehemu ya barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imekwisha kazi hata ikiyeyuka, na kwamba ile ambayo kwa kawaida yake huonekana kama maziwa iviringishwe taratibu viganjani kabla ya kuvutwa. Nimeona wanafunzi wakipata alama zote katika kituo cha mtihani cha kuchoma insulini bila kuulizwa hata neno moja kuhusu chupa hiyo italala wapi usiku.

Kwa wenzetu wa Pwani na Visiwani, na popote penye Waislamu, Ramadhani haina budi kuingia darasani. Kumwambia mtu mzima "wewe ni mgonjwa, usifunge" na kumaliza hapo ni kumfanya afunge kimyakimya. Mazungumzo yanatakiwa yaanze wiki 6 mpaka 8 kabla ya mwezi, hatari yake ipimwe, dawa zipangwe upya kati ya futari na daku, na ajue kwamba ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.6 anafungua, hata kama magharibi imekaribia. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kujichoma kidole ili kupima hakuvunji saumu. Ni vyema mwanafunzi amsikie imamu wa eneo lake akilisema hilo, kuliko kulisema yeye.

Nakuja kwenye jambo gumu zaidi, ambalo ni mazungumzo baina ya kijana na mzee. Mwanafunzi wetu ana miaka 20 au 21, amelelewa kutoa shikamoo na kuinamisha macho. Mbele yake ameketi mzee wa miaka 60 ambaye ameacha dawa za presha. Sababu mojawapo ya wanaume kuacha dawa, kila muuguzi wa kliniki anaijua: nguvu za kiume zimepungua, ama kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, hasa kisukari, ama kwa baadhi ya dawa, ama kwa wasiwasi. Mzee hatalisema kwa binti wa rika la mjukuu wake, na binti hataliuliza. Wote wawili wanastahiana, na mishipa ya damu inaendelea kuharibika. Kumwandikia binti huyu kwenye kitini kwamba "muuguzi adodose kuhusu afya ya uzazi" hakumsaidii. Anahitaji kupewa maneno yenyewe na kuyazoea mdomoni. Mimi huwafundisha kuanza hivi: "Shikamoo baba. Wazee wengi wanaotumia dawa hizi hutueleza kwamba kuna mambo ya nyumbani yamebadilika. Kama na kwako iko hivyo, ukipenda nitamwita kaka muuguzi mzungumze naye, na daktari anaweza kubadilisha dawa." Hapo mzee hajaulizwa jambo la aibu, amepewa habari, na mlango umeachwa wazi. Njia hiyohiyo hufaa kwa dawa za mitishamba na maji ya maombi: anayeambiwa kwamba wengi hutumia, na kwamba tunataka tu kujua ili dawa zisigongane, husema. Anayeulizwa kwa sauti ya mpelelezi hukana. Mazoezi haya hayataki maabara. Yanataka mkufunzi aliye tayari kukaa kwenye kiti na kujifanya mzee mkaidi, na nina hakika wapo wengi humu ambao hawatahitaji kujifanya sana.

Kuhusu miguu nitasema kwa ufupi: mgonjwa wa kisukari avuliwe viatu. Uzi wa gramu 10 wa kupimia ganzi ukiwepo ni vizuri, usipokuwepo macho na vidole vya muuguzi bado vipo. Kliniki ambayo mwanafunzi hakuona hata mguu mmoja ukikaguliwa imemfundisha kwamba miguu haihusiki.

Seli mundu nayo inatudai somo jipya, kwa sababu watoto tuliokuwa tukiwahudumia wodi za watoto sasa wanafika utu uzima, wanahamia wodi za wakubwa, na huko wanakutana na watu wasiowajua. Kijana wa miaka 24 anayefika usiku na maumivu makali, akiitaja kwa jina dawa iliyomsaidia mara iliyopita, huanza kutiliwa shaka kwamba ameizoea. Anaijua kwa sababu ameishi na maumivu hayo tangu utotoni. Mwanafunzi akisikia mnong'ono huo kwenye makabidhiano ya zamu, ataubeba mpaka kwenye kituo chake cha kazi, kwa hiyo nawaomba wauguzi viongozi waukatize palepale, mbele ya wanafunzi.

Najua kuna atakayesema kwamba huduma ya aina hii haiwezekani kwa idadi yetu ya wauguzi. Namjibu kwa mfano wa nyumbani. Mpango wa taifa wa huduma na tiba ya VVU ulipoanza kutoa dawa mwaka 2004, wengi walisema Mtanzania wa kawaida hataweza kumeza dawa kila siku kwa maisha yake yote. Vituo vya tiba na matunzo vikaanzishwa, kila mtu akawa na kadi na tarehe ya kurudi, asiyefika akafuatiliwa mpaka nyumbani, wanaoishi na virusi wenyewe wakafundishwa kuwa WAVIU washauri na kukaa meza moja na wauguzi, na walioimarika wakapewa dawa za miezi kadhaa ili wasipoteze siku za kazi kwenye foleni. Mara nyingi muuguzi ndiye aliyeendesha huduma hiyo. Ukuta wa pili wa jengo hilohilo kuna kliniki ya presha ambako asiyefika hakuna anayejua kwamba hakufika. Ni kweli kwamba fedha za wafadhili zilihusika sana, na hazitakuwepo daima. Lakini ujuzi wa kufuatilia mtu kwa miaka tayari tunao ndani ya hospitali zetu, na wanafunzi wetu hupita kwenye vituo hivyo wakiambiwa watazame ushauri nasaha na dawa, bila kuambiwa watazame mpangilio.

Pendekezo langu ni kwamba kila mwanafunzi, tangu muhula wa pili, akabidhiwe mtu mzima mmoja mwenye ugonjwa sugu, aliyeridhia kwa hiari na aliyeelezwa kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila huduma yake kuathirika, na aendelee naye mpaka mwaka wa mwisho. Ahudhurie naye kliniki, amtembelee nyumbani akikaribishwa, awafahamu ndugu wanaomsaidia, na aandike kwa ufupi kila mara jambo lililobadilika katika maisha yake, mbali na vipimo vyake. Atamwona akipata nafuu, akichoka, akiacha dawa, akirudi. Baadhi watafiwa na wagonjwa wao, na hilo litatutaka tuwepo karibu na wanafunzi kuliko tulivyozoea. Katika mtihani wa vitendo, kituo kimoja kitolewe kwa mazungumzo, na anayekaa kwenye kiti cha mgonjwa awe mtu anayeishi na ugonjwa huo kweli, alipwe posho yake kama mtahini mwingine, na maoni yake yahesabiwe kwenye alama. Nimesikia hofu kwamba wagonjwa watawapa wanafunzi alama kwa huruma. Kwa uzoefu wangu, mtu aliyeishi na ugonjwa kwa miaka 15 anajua haraka sana nani anamsikiliza na nani anasubiri zamu yake ya kuongea.

Vikwazo ninavyoviona ni vitatu, na viwili vinatatulika. Ratiba zinaweza kupanguliwa, kwa sababu nusu siku kwa mwezi haitavunja mzunguko wa wodi. Usiri unaweza kulindwa, kwa kuwa daftari la ufuatiliaji halihitaji jina la mgonjwa, wala lisiondoke chuoni. La tatu ni nauli ya mwanafunzi kwenda kwa mgonjwa wake, hasa kwa vyuo vya wilayani ambako kijiji kiko mbali na boda haikopeshi. Chuo hakina fungu hilo, hospitali haina fungu hilo, na mwanafunzi asilipe kwa fedha za chakula chake. Wakuu wa vyuo mpo humu, na waganga wakuu wa wilaya nao mpo. Ndilo suala ninaloomba tulijadili kwanza tutakaporudi kutoka kwenye chai.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.